Waambieni watu wale chakula: barua ya wazi kwa wachungaji, mapadri na viongozi wa vyumba vya maombi Bukavu

Baba Askofu, mapadri, wachungaji, wamama wachungaji, mashemasi, wakatekista, na ninyi wote mnaoongoza vyumba vya maombi kuanzia Bagira mpaka Panzi,



Ninawaandikia kama muumini aliyekulia kanisani. Nimeimba kwaya, nimekesha, nimefunga na kuomba pamoja nanyi, na mpaka leo ninafunga. Asiwepo basi atakayesoma barua hii akadhani mwandishi wake anadharau maombi. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema ili nisiwazungushe: kabla ya kila mfungo, simameni mimbarini mtaje kwa sauti watu ambao hawapaswi kukaa bila chakula na maji, na muwaamuru wale. Nasema muwaamuru kwa makusudi. Daktari akishauri, mtu husikiliza, kisha huja kanisani kuuliza. Ninyi mkisema, neno limekwisha.

Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume tunaihubiri sana hapa mjini, hasa tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki zikafunga milango. Tunahubiri dhoruba. Tunahubiri malaika aliyesimama karibu na Paulo usiku, na meli iliyovunjika, na watu wote kufika nchi kavu salama. Lakini katikati ya sura hiyo ipo mistari michache tunayoipita mbio. Melini wamo watu 276. Wamekaa siku 14 katika hofu, bila kula kitu cha maana. Karibu na mapambazuko Paulo, ambaye ni mfungwa, anawasihi wote wale, anawaeleza kwamba wanakihitaji chakula ili wapone. Halafu anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya macho yao, anaumega na kuanza kula yeye wa kwanza. Wengine wanapata moyo, nao wanakula mpaka wanashiba. Baada ya hapo ndipo wanapata nguvu ya kupunguza mzigo wa meli na kuikabili ile pwani.

Tazameni ni nani aliyesema maneno hayo. Kabla ya hapo alikuwa amepewa ahadi kutoka mbinguni kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Angeweza kuwaambia kuwa ahadi inatosha, kwamba wanyamaze waombe. Yeye aliona miili iliyochoka ambayo punde ingepaswa kuogelea, akawaambia wale. Sijawahi kusikia mahubiri yanayosimama hapo, na kwa imani yangu yote naamini mahubiri hayo ndiyo mji wetu unayoyahitaji sasa.

Hapa kwetu mfungo umekuwa ukizidi uzito mwaka hadi mwaka. Kuna siku tatu za Esta, kuna siku saba, kuna siku 21 za kufungua mwaka, na wapo wanaojitwika 40. Mara nyingi ni mfungo kavu: hakuna chakula, hakuna hata tone la maji. Watu hulala kwenye mikeka ndani ya vyumba vya maombi, mama ana mtoto mgongoni, mzee ana fimbo yake, kijana alimaliza chuo zamani na kazi haijaonekana. Kila mmoja amekuja na mzigo: mume aliyekwenda machimboni hakurudi, tumbo ambalo halijashika mimba, ndugu ambaye tangu vita hajulikani aliko. Najua wanachokitafuta, kwa kuwa nami nimekitafuta mahali palepale.

Katika mtaa wetu kulikuwa na mama, jirani niliyemzoea tangu utoto, mwenye ugonjwa wa sukari, aliyekuwa akijidunga insulini. Aliingia mfungo kavu wa siku tatu kwa ajili ya mwanawe. Hakumwambia kiongozi wa maombi kwamba ni mgonjwa, wala kiongozi hakuuliza. Asubuhi ya pili alijidunga dawa yake kama kawaida na hakula. Kabla ya saa sita alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwasukuma waliomshika. Waliokuwa karibu wakasema nguvu za giza zinatoka, wakapandisha sauti za maombi. Aliyemwokoa ni binti mmoja wa kwaya aliyekuwa anasomea uuguzi: alimpaka sukari ndani ya shavu, akaagiza itafutwe gari. Mama yule aliishi. Huko hospitali waliompeleka waliambiwa kwamba hakuwa wa kwanza kuletwa kutoka kwenye maombi akiwa vile.

Ndugu watumishi, mnisikilize kidogo katika jambo hili la mwili, kwa kuwa ndipo penye hatari yenyewe. Ubongo wa binadamu unaishi kwa sukari iliyomo katika damu. Insulini, na baadhi ya vidonge vya kisukari, kazi yake ni kuishusha sukari hiyo. Mtu akitumia dawa asile, sukari inashuka mpaka ubongo unakosa chakula, na dalili zake ni zilezile zilizowatisha watu wa chumba kile: kutetemeka, jasho, hasira, kuchanganyikiwa, kuanguka, hata degedege. Mtu akisema basi nitafunga na dawa niiache, mlango wa pili uko wazi. Bila insulini mwili hushindwa kuitumia sukari yake, ukayeyusha mafuta kwa kasi, damu ikajaa asidi. Mgonjwa hutapika, hupumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima, pumzi yake ikanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Akiachwa hivyo, anakufa. Na ukiongeza kiu juu ya yote hayo, figo nazo zinaanza kuzimika.

Kwa hiyo majina ya kutajwa mimbarini si mengi wala si magumu. Mwenye sukari, hasa wa insulini. Mwenye presha anayemeza dawa kila siku, na mwenye ugonjwa wa figo. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha. Anayekunywa dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, ambaye hapaswi kuruka hata siku moja. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kifafa, mtoto, mzee aliyedhoofika. Na ninaomba muongeze mmoja asiyetajwa na madaktari: mtu ambaye njaa imeshamfungisha bila hiari yake, aliyeingia chumba cha maombi akiwa tayari ana siku mbili hajaona bugali. Huyo msimfungishe tena. Mpeni chakula, kisha muombe naye.

Wapo watakaoniambia kwamba kulegeza mfungo ni kulegeza imani. Basi tuyasome Maandiko bila haraka. Esta aliita mfungo wa siku tatu bila chakula wala maji mara moja, taifa lake lilipokuwa limehukumiwa kuuawa, na hakuuacha uwe sheria ya kila mwezi. Luka anaposimulia siku 40 za Bwana wetu jangwani anasema hakula kitu na mwishowe akaona njaa, kiu haitajwi. Elia alipochoka hata kuomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akala akalala tena, malaika akamwamsha akamlisha mara ya pili, ndipo akatembea siku 40. Na siku 21 zetu za Januari, tunazozijenga juu ya Danieli, zina habari iliyo wazi kabisa katika sura ya 10: kwa majuma matatu Danieli aliacha vyakula vya anasa, akaacha nyama na divai. Hapo kuacha chakula chote hakutajwi.

Fikirini jambo hilo la mwisho, kwa sababu mlango wake ni mpana. Mfungo wa Danieli hapa Bukavu ungekuwa lengalenga, maharagi, viazi, matunda na maji safi kwa siku 21, bila sukre, yaani soda, bila nyama, bila pombe. Mama mwenye kisukari angeweza kuufunga kwa ushauri wa daktari wake. Mwenye presha ungemfaa kweli. Na fedha ambazo familia haikununulia nyama zingekwenda kwa jirani asiye na kitu, kama nabii Isaya anavyoeleza katika sura ya 58 kuhusu mfungo unaompendeza Mungu: kumgawia mwenye njaa mkate wako.

Kwa upande wa Wakatoliki jambo hili limeandikwa tayari. Sheria ya Kanisa inawadai mfungo walio na umri wa miaka 18 hadi 59, na siku zenyewe ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wagonjwa husamehewa. Lakini ni mashirika mangapi ya mtaani ambamo bibi wa miaka 70 amewahi kuambiwa hivyo na katekista wake? Hata jirani zetu Waislamu, ambao Ramadhani ni nguzo ya dini yao, wanamruhusu mgonjwa, msafiri, mjamzito na anayenyonyesha kula. Sioni kwa nini sisi, tunaohubiri neema, tuwe wagumu kuliko wote.

Kuna na jambo la kufungua mfungo, ambalo halizungumzwi. Mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula hafunguliwi kwa bakuli la bugali na nyama, na chupa ya sukre juu yake. Mwaka 1945, wafungwa walipokombolewa kutoka kambi za Wanazi huko Ulaya, wengi walikufa baada ya kupewa chakula kingi kwa ghafla. Mwili uliozoea kukosa huyumba unapopokea vingi kwa mara moja: madini ya damu hushuka, moyo ukapoteza mwendo wake. Uji mwepesi, kidogo kidogo, maji, siku ya pili maharagi yaliyopondwa, na aliyefunga kwa muda mrefu apelekwe kwa muuguzi kabla ya kuanza kula. Kila chumba cha maombi chaweza kuwa na mama wawili watatu wenye kazi hiyo.

Mnisamehe nikigusa hoja ya imani na dawa, kwa kuwa ndiyo inayojibiwa kwa ukali zaidi. Ninyi, makanisa, ndio mliotujengea hospitali. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, iko chini ya CEPAC, jumuiya ya Kipentekoste. Hospitali ya Lemera, aliyoiongoza kabla ya hapo na ambayo wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani yake Oktoba 1996, nayo ilikuwa ya kanisa. Hospitali ya Kaziba ilitoka kwa wamisionari wa Norway. Hospitali kuu ya mkoa hapa mjini inashikamana na Jimbo Kuu na Chuo Kikuu cha Kikatoliki. Waumini walitoa sadaka, mawe yakabebwa kichwani, vitanda vikaletwa. Kanisa lililofanya hayo lilikuwa linatamka kwamba mwili wa mtu ni kitu cha Mungu, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho kwamba ni hekalu la Roho. Haiwezekani basi tamko hilo liishie kwenye geti la hospitali. Mtumishi anayemwambia mgonjwa atupe vidonge kama ushahidi wa imani anaibomoa kwa mdomo nyumba ambayo kanisa lake liliijenga kwa mikono. Kama Mungu amemponya mtu, maabara itaonyesha, na daktari ndiye atakayeondoa dawa. Wenye ukoma kumi walioponywa, Yesu mwenyewe aliwatuma kwa makuhani wakajionyeshe.

Sasa niseme kuhusu sahani ya kila siku, na hapa najua mnachotaka kunijibu. Mtauliza: watu wanakosa bugali, wewe unatuletea habari za lishe? Katika mji ambao benki zilifungwa, njia za mashambani zina hofu na kazi zimepotea, kula vizuri si jambo la matajiri?

Historia yetu wenyewe inajibu. Wazee wa Bushi, nchi ya Washi, walikuwa na ugonjwa wanaouita bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi na kung'oka, ngozi inabanduka, anapoteza hata hamu ya kucheza. Madaktari waliofanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro miaka ya 1950 na 1960 waliuchunguza sana ugonjwa huo, na mwaka 1965 watu wa Bukavu waliunda Kamati ya kupambana na Bwaki, Comité Anti-Bwaki, ambayo jina lake wengi wenu mnalijua. Kilichowasumbua wale madaktari ni kwamba watoto wengine wa bwaki hawakuwa na tumbo tupu. Walikuwa wanashiba mihogo asubuhi, mihogo jioni, na maji. Tumbo lilijaa, mwili ukakosa cha kujengea. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Kivu Kusini wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Wengi wao hula kila siku. Wanakula kitu kimoja.

Kwa hiyo ni maskini ndiye anayehitaji zaidi kuelezwa kuhusu sahani, kwa kuwa hana fedha za kukosea. Tajiri akila vibaya leo atanunua nyama kesho. Mama wa Cahi mwenye faranga chache mfukoni ana chaguo moja kwa siku, na chaguo hilo linabeba watoto sita.

Na Mungu hakutunyima. Shukeni soko la Nyawera asubuhi, au la Kadutu, mtazame yaliyoshushwa na wanawake wa Kabare migongoni: lengalenga, maharagi ya kila rangi, viazi vitamu, maboga, maparachichi. Shukeni ziwani mkaone sambaza, samaki ambao hawakuwamo katika Ziwa Kivu mpaka walipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanawalisha watu wa ng'ambo zote mbili. Sambaza huliwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo inajenga mifupa ya mtoto. Kiganja kimoja cha sambaza waliokaushwa na kusagwa, kikitiwa ndani ya uji, kinamfaa mtoto kuliko pakiti ya biskuti. Uji wa masoso, wa mahindi, soya na mtama, mama zetu wanaujua tangu zamani. Sombe lililopondwa na kupikwa vizuri lina nguvu ya kujenga mwili, na mawese mekundu yana vitamini ya macho, mradi yasichomwe moto mpaka yakawa meupe. Huko Mulungu, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, wataalamu wamefanya kazi kwa miaka juu ya maharagi yenye madini ya chuma kwa ajili ya damu ya wamama. Katika hivi hakuna hata kimoja kinachotoka kwenye duka la vioo.

Kuna na maarifa ya mababu ambayo vita vimeyavuruga. Mihogo michungu hulowekwa siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa, na kila bibi anajua. Lakini watu wanapokimbia na kurudi wakiwa na njaa, huifupisha kazi hiyo, na sumu inabaki ndani ya unga. Huko Burhinyi madaktari walikuta watu waliopooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, unaotokana na mihogo hiyo pamoja na kukosa vyakula vya protini. Ugonjwa huo hautibiki, unazuiwa tu. Mchungaji wa kijiji akilisema hilo Jumapili moja wakati wa mavuno, ameokoa miguu ya watoto.

Na sherehe zetu? Hapa ndipo ninapoumia, kwa kuwa hapa makanisa yenyewe ndiyo yanayopika. Komunyo ya kwanza, ndoa, kuwekwa wakfu kwa mchungaji, sikukuu ya mavuno. Mbele ya wakubwa kuna nyama, wali unaong'aa mafuta, mchuzi uliotiwa Maggi juu ya chumvi, na kreti za sukre. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni chumvi yote, pamoja na iliyofichwa ndani ya Maggi. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina kama gramu 35 za sukari, vijiko vinane hivi vya chai. Mtoto wa Shule ya Jumapili anapewa chupa hiyo kama zawadi ya kukariri mstari wa Biblia. Bibi mwenye presha anawekewa sahani ileile ya heshima, na kwa adabu zetu hawezi kuikataa mbele ya mchungaji. Yeye atakula, atashukuru, na usiku kichwa kitamuuma.

Kuhusu pombe sina la kuongeza. Mmelihubiri vya kutosha, na nyumba nyingi zimepona. Ninaloshangaa ni kwamba tumeifukuza Primus mezani kwa Maandiko, tukaweka sukre kwenye nafasi yake bila kuuliza swali hata moja.

Tena sahani za sherehe hazilingani. Mbele kuna nyama, nyuma kuna mchuzi na mfupa, na watoto wa jirani wanachungulia dirishani. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilohilo katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza: walikusanyika kwa meza ya Bwana, mmoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Aliliona kuwa ni kulidharau kanisa la Mungu. Jiko la kanisa lina teolojia yake, ndugu zangu, na wanaoiandika ni wamama wa jikoni. Kwao nina ombi la pekee. Wamama wetu wapendwa, ninyi mna nguvu ambayo hata mchungaji hana: mnashika mwiko. Maharagi na sambaza vikiwekwa mezani kwa heshima, vikapikwa kwa vitunguu, nyanya na ndimu, nani atasema kanisa limeaibika? Maji yaliyochemshwa yakiwekwa kwenye madumu safi na vikombe, watu watakunywa. Mgeni wa heshima akianza kunywa maji, sherehe nzima itakunywa maji.

Makanisa yetu pia yana viwanja. Nyuma ya mahekalu mengi kuna ardhi ambayo inaota nyasi au imerundikiwa mawe ya ujenzi utakaokuja. Vyuo vyetu viwili vya kanisa, UEA cha Kiinjili na UCB cha Kikatoliki, vina vitivo vya kilimo, na wanafunzi wake wanatafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Parokia ikiomba, nadhani hawatakataa. Bustani ya lengalenga na karoti nyuma ya kanisa la Kadutu haitamaliza njaa ya Kadutu, najua. Lakini itampa shemasi kitu cha kumpelekea mjane siku ya Jumatano, na itawafundisha watoto kwa macho.

Nimesema mengi, na yote hamwezi kuyafanya kwa mwezi mmoja. Ninaomba tuanze na lile la kwanza. Januari ikifika, makanisa mengi yatatangaza siku 21. Kabla ya hapo, kila mchungaji na kila padri amwite muuguzi au daktari mmoja aliye muumini wa kanisa lake, kwa kuwa wapo katika kila kanisa la mji huu, wakae pamoja nusu saa, waandike majina ya magonjwa na hali ambazo hazifungi. Karatasi hiyo isomwe wakati wa matangazo, Jumapili mbili mfululizo, kwa Kiswahili na kwa Mashi, na asiisome katibu. Aisome mchungaji mwenyewe. Mlangoni mwa chumba cha maombi akae mtu wa kumuuliza kila anayeingia kama anakunywa dawa yoyote, amuulize kwa upole na faraghani. Ndani pawe na maji na sukari. Na aliyeambiwa asifunge asitengwe na wengine: apewe zamu ya kuongoza zaburi, aombe kama wao, na saa ya chakula chake ikifika, mtumishi wa Mungu aketi naye, ashukuru mbele ya wote, amege mkate ale pamoja naye.

Wenu katika Kristo,

Muumini wa Kadutu, Bukavu